Baada ya kusafisha nozeli gari linanuka petroli na sailensi haitulii: zirudishwe vipi?

SWALI: Nina Toyota IST ya injini ya 1NZ-FE, cc 1500. Wiki mbili zilizopita fundi alizitoa nozeli (vinyunyizi vya petroli) zote nne akazisafisha kwa sababu gari lilikuwa linakula mafuta. Tangu azirudishe, nikiwasha asubuhi nasikia harufu ya petroli, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na taa ya injini inawaka. Mashine imesoma P0171. Fundi anasema nozeli zimekufa, ninunue nyingine. Nilimwona akirudishia oringi zilezile, akazipaka silikoni ya gasketi. Ninunue nozeli, au tatizo ni namna zilivyofungwa? Na zikifungwa upya, utaratibu sahihi ni upi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nozeli usinunue kwanza. Na gari usiliendeshe. Harufu ya petroli baada ya nozeli kuguswa maana yake kuna mahali mafuta yenye presha yanavuja juu ya injini ya moto, jirani na koili na nyaya. Magari huungua hivyohivyo. Chomoa tamina ya hasi ya betri, liache lilipo, na kama ni lazima lifike gereji, livutwe.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Nozeli ya injini hii haikazwi kwa bolti yake. Imebanwa kati ya vitu viwili: kichwa chake kimeingia kwenye kikombe cha reli ya mafuta, na mdomo wake umekalia tundu kwenye silinda hedi, nyuma ya valvu za kuingiza hewa. Kinachokazwa ni reli. Kazi yote ya kuziba imeachiwa raba mbili kwa kila nozeli, na kila raba inazuia kitu chake.

Oringi ya juu inazuia petroli. Kwenye reli ya 1NZ-FE presha ni kPa 304 hadi 343, na iko hapo muda wote injini inapofanya kazi. Hata baada ya kuzima, mfumo ukiwa mzima unatakiwa ubaki na angalau kPa 147 dakika tano baadaye. Kwa hiyo ukilaza gari, petroli inaendelea kupenya taratibu kwenye oringi iliyochanika, mvuke unajikusanya chini ya boneti, na asubuhi ndio unaokupokea.

Raba ya chini haikutani na presha ya petroli kabisa. Yenyewe inazuia hewa. Injini ikiwa sailensi, ndani ya manifoldi kuna mvuto mkali, na penye mwanya wowote hewa itaingia. Hewa hiyo haikupita kwenye kihisi kilichoko upande wa eyaklina (kisafisha hewa), kwa hiyo kompyuta haina habari nayo. Inanyunyiza petroli ya kutosha hewa iliyopimwa tu, mchanganyiko unakuwa mwepesi, kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi kinaripoti, kompyuta inaongeza mafuta hadi inafika kikomo chake, kisha inaandika P0171. Kule kupanda na kushuka kwa sailensi ni kompyuta ikihangaika kutafuta kipimo isichokipata.

Dalili zako mbili, basi, zinaelekeza kwenye raba za juu na za chini. Nozeli nne hazifi siku moja kirahisi, na hata zikifa picha yake ni nyingine. Iliyoziba au iliyokatika waya wa ndani huifanya silinda moja imisi, yaani ikose kuwaka, na kodi zake (namba za hitilafu) ni P0301 hadi P0304 kufuatana na namba ya silinda. Isiyofunga vizuri humwaga petroli: plagi ya silinda hiyo inatoka nyeusi na mbichi, na kodi huelekea P0172, kinyume cha ya kwako.

Kuna ushahidi mmoja unaoweza kuupata bila kuwasha injini. Kama betri bado haijachomolewa, maana ikichomolewa data hufutika, mwambie mwenye mashine afungue data iliyohifadhiwa pamoja na kodi. Kompyuta ilipoandika P0171 ilihifadhi pia mzunguko wa injini wa wakati ule na asilimia ya mafuta iliyokuwa ikiongezwa, marekebisho ya muda mfupi na ya muda mrefu. Kama kodi iliandikwa injini ikiwa sailensi, kwenye mzunguko wa 700 hivi kwa dakika, huku marekebisho yakiwa juu ya asilimia 20, hiyo ni hewa ya pembeni. Kama iliandikwa barabarani injini ikiwa na mzigo, angalia pia pampu na chujio la mafuta.

Kuhusu silikoni, hapo fundi alikosea vibaya kuliko kwenye oringi zenyewe. Silikoni ya gasketi haivumilii petroli. Inavimba, inalainika, inang'oka vipande. Kipande kilichoko juu kinaingia kwenye reli na kukwama kwenye chujio dogo lililo ndani ya kichwa cha nozeli, nozeli uliyolipia kusafishwa. Kilichoko chini kinavutwa ndani ya silinda, na mvuke wa silikoni ukiungua unaacha utando kwenye kihisi cha oksijeni na kukiua polepole. Oringi inayohitaji kupakwa kitu ili izibe imeshakwisha kazi.

Vitu vya kununua

Oringi nne za juu na raba nne za chini, zote mpya, hata kama moja tu ndiyo inayovuja. Zimekaa kwenye joto lilelile kwa miaka ileile. Kwenye baadhi ya seti utakuta pia pete nyingine inayokaa chini ya oringi; kama ya zamani ilikuwepo, na mpya iwepo. Agiza kwa namba ya chesesi, usiagize kwa kulinganisha kwa macho, maana oringi ya zamani imeshabonyea na vipimo vyake vinadanganya. Oringi yenye uwazi sahihi lakini nyembamba kwa nusu milimita itaingia kwa raha kabisa, na itavuja siku ya kwanza.

Jihadhari na lile boksi la oringi mchanganyiko linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Baadhi ni za maji na hewa tu. Ndani ya petroli zinavimba na kulainika ndani ya wiki chache. Uliza oringi za mfumo wa petroli. Zile za raba ya Viton zinastahimili petroli na joto vizuri. Rangi isikuhadae, kuna za kijani, kahawia na nyeusi, na rangi peke yake haithibitishi chochote.

Ongeza kopo la dawa ya kusafishia throto, vitambaa safi visivyotoa nyuzi, pamba za masikio, na kizima moto cha unga cha kilo moja au zaidi. Hicho cha mwisho kiwe mkononi mwa mtu, kisiwe ndani ya buti.

Kuzitoa

Injini iwe imelala na kupoa. Kwa gari lisilovuja, presha hupunguzwa kwa kuchomoa soketi ya pampu ya mafuta chini ya siti ya nyuma, kuwasha injini na kuiacha ijizimie, kupiga stata tena mara moja, kisha kuchomoa betri. Kwa gari lako linalonuka petroli, usiwashe injini kwa ajili hiyo. Chomoa betri, fungua boneti mvuke utoke, liache saa kadhaa, na unapofungua kiungio cha bomba la mafuta kizungushie kitambaa kinene na ukifungue taratibu huku uso ukiwa mbali. Petroli kidogo itatoka tu. Kitambaa kilicholowa kipelekwe nje palepale.

Kabla ya kuigusa reli, puliza vumbi lote kuzunguka nozeli kwa kompresa, kisha futa. Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ndiyo inayoiumiza injini kuliko zote. Kwenye barabara zetu, bonde lililo kati ya reli na silinda hedi linajaa mchanga laini. Ukinyanyua nozeli bila kupuliza, mchanga ule unadondokea tundu, unakaa juu ya valvu, na injini ikiwaka unaingia ndani ya silinda.

Chomoa soketi za koili na za nozeli, na kila moja uipe namba kwa kipande cha utepe, namba moja ikiwa upande wa cheni na mkanda. Fungua kiungio cha bomba la mafuta: kwanza ondoa kifuniko chake cha plastiki, kisha bonyeza masikio na uvute moja kwa moja. Kikigoma, kizungushe kidogo kulia na kushoto, maana vumbi ndilo linalokishika; koleo litavunja masikio. Fungua bolti tatu za reli na unyanyue reli sawasawa pande zote mbili. Nozeli nyingine zitatoka na reli, nyingine zitabaki kwenye hedi. Zilizobaki zishike mwili, uzungushe na kuvuta. Bisibisi isiegemezwe kwenye plastiki ya soketi, inapasuka.

Chini ya reli kuna vikalio viwili vidogo vinavyokaa kati yake na hedi. Vihesabu, uviweke kwenye kikombe. Fundi akivisahau, reli inakaa chini kuliko inavyotakiwa, inazikandamiza nozeli, na mara nyingine yenyewe inapinda kidogo kiasi ambacho macho hayaoni.

Sasa zitazame oringi za zamani kabla hujazitupa, zitakueleza kilichotokea. Chukua moja uiweke juu ya karatasi nyeupe kwenye mwanga. Kama upande mmoja una kijimkato chembamba chenye umbo la ukucha, na kipande chake kinaning'inia au hakipo kabisa, oringi iliingizwa kavu au ikiwa imeinama, na ukingo wa kikombe cha reli ukaikata. Kama haina mkato lakini ukiikata kwa wembe unaona duara lake limebonyea upande wa nje, hiyo ni ya uzee: imekaa imebanwa mpaka imesahau umbo lake, na ukiirudisha mahali pengine hata kwa tofauti ya robo milimita haizibi. Raba ya chini iliyokwisha inakuwa ngumu kama plastiki na ina nyufa ukiikunja.

Kusafisha matundu na vikombe

Ziba matundu manne ya hedi kwa vitambaa vikubwa vinavyoonekana, visiwe vipande vidogo vinavyoweza kuzama. Ondoa mabaki yote ya silikoni kwa kidole na kitambaa chenye dawa, kwenye hedi, kwenye nozeli na ndani ya vikombe vya reli. Usikwangue kwa bisibisi wala msasa. Hedi ni aluminiamu, kikombe cha reli kina uso laini, na mkwaruzo mmoja wa wima ndani ya kikombe ni njia ya petroli ambayo hakuna oringi itakayoiziba. Mulika ndani ya kila kikombe. Ukikuta kutu au mkwaruzo unaoshikika na ukucha, reli ibadilishwe.

Kwa kuwa silikoni ilitumika, mimina petroli safi kidogo ndani ya reli, itikise, uimwage kwenye kitambaa cheupe. Rudia hadi kitambaa kibaki cheupe.

Nozeli zenyewe zipimwe kwa mita ya ohmu, katikati ya ncha zake mbili. Nyingi za Toyota za aina hii zikiwa za baridi husoma kati ya ohmu 11.5 na 14.5, muhimu ni zote nne zikaribiane. Inayosoma sifuri au isiyosoma kabisa ndiyo iliyokufa, na hapo neno la fundi wako litakuwa na msingi. Mwenye benchi ya kupimia anaweza pia kuangalia uvujaji: chini ya presha ya kazi, mdomo wa nozeli usitoe zaidi ya tone moja kwa dakika 12. Vitundu vya mdomo visichokonolewe kwa waya wala sindano, kipimo chake kitaharibika milele.

Kuzirudisha

Anza na raba ya chini. Ivishe kwenye nozeli mpaka ikae yote kwenye mfereji wake, bila kupinda. Kisha pete ya juu kama ipo, halafu oringi. Oringi isivutwe kwa kitu chenye ncha. Ikunjue kwa vidole na uisukume juu ya kichwa cha nozeli, kisha ikague kwa kuizungusha ili uhakikishe haikujisokota.

Kilainishi ni petroli yenyewe, au oili nyepesi ya mashine, kiasi cha kung'arisha tu. Grisi hapana, kwa sababu inakusanya uchafu na nyingine zinavimbisha raba. Sabuni hapana. Silikoni tumeshaizungumza. Oringi kavu inashika ukingo wa kikombe badala ya kuteleza, na hapo ndipo ule mkato wa ukucha unapozaliwa.

Nozeli zinaingizwa kwenye reli kwanza, nje ya gari, ambako unaona unachokifanya. Mafundi wengi huzipanga kwenye hedi kisha wanaishusha reli juu ya zote nne kwa mkupuo, na hapo hakuna anayeona kama oringi ya tatu imeinama. Shika nozeli wima kabisa na kikombe, sukuma kwa kidole gumba huku ukiizungusha kushoto na kulia robo mzunguko. Inatakiwa iteleze hadi ikae. Ikigoma, itoe, iangalie oringi, ilainishe tena. Usigonge. Ukishaiingiza, izungushe soketi yake ielekee nje, upande nyaya zinakotokea.

Toa vitambaa kwenye matundu, ukivihesabu. Weka vikalio viwili vya reli mahali pake. Lowesha raba za chini kwa tone la petroli, kisha shusha reli na nozeli zote nne kwa pamoja, ukisukuma kwa viganja viwili sawasawa. Ishike mahali pake na uanze bolti zote tatu kwa vidole. Bolti isiyoanza kwa vidole isilazimishwe kwa spana, nyuzi za hedi ni laini.

Hapa sasa, kabla ya kukaza, ndipo penye kipimo kinachotofautisha kazi nzuri na mbaya. Shika kila nozeli kwa vidole viwili ujaribu kuizungusha kidogo kulia na kushoto. Inatakiwa izunguke, kwa uzito kidogo wa raba lakini bila kukwama. Isiyozunguka ina oringi iliyobanwa au iliyopinda, au haikukaa wima. Toa reli, badilisha oringi hiyo, rudia. Usijiambie kwamba ukikaza bolti itakaa yenyewe. Itakaa kweli, lakini itakuwa imekatika.

Kaza bolti mbili kubwa kwa Nm 19 na ile ndogo moja kwa Nm 9, hatua kwa hatua, ukipokezana kati ya zile kubwa ili reli ishuke ikiwa imelala sawa. Huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza? Kwa spana yenye mkono wa sentimita 15, Nm 19 ni sawa na kuvuta uzito wa kilo 13 hivi kwenye ncha yake, na Nm 9 ni kilo 6. Kwa mkono wa fundi aliyezoea bolti za tairi, hizo ni nguvu ndogo mno, na ndiyo maana nyuzi za hedi nyingi zimeng'oka. Ukimaliza kukaza, jaribu tena kuzizungusha nozeli zote. Iliyokuwa ikizunguka na sasa imekwama inakuambia kikalio cha reli kimekosekana au reli imepinda.

Bomba la mafuta lisukume mpaka lilie "kliki", kisha livute kwa nguvu kuhakikisha, ndipo urudishe kifuniko chake. Soketi za nozeli na za koili, ukishajaribu presha kama inavyoelezwa hapa chini, zirudi kwa namba. Nozeli za injini hii zinapuliza kwa zamu ya 1-3-4-2, kila moja kwa wakati wa silinda yake. Ukibadilishana soketi za nozeli ya pili na ya tatu, injini bado itawaka, kwa sababu petroli itasubiri nyuma ya valvu hadi ifunguke. Itatetemeka kidogo tu na kula mafuta, na mtu anaweza kuzunguka gereji miezi mitatu bila kuambiwa sababu.

Kujaribu presha bila kuwasha

Kwenye Toyota za namna hii, kufungua swichi hadi ON mara nyingi hakuiendeshi pampu. Inaanza pale stata inapozunguka. Kwa hiyo kusema "nimewasha swichi, sikuona uvujaji" hakujathibitisha kitu. Mwenye skana nzuri ataiamuru pampu ifanye kazi injini ikiwa imezimwa. Asiye nayo afanye hivi: aache soketi zote nne za nozeli na zote nne za koili zikiwa zimechomolewa, arudishe betri, apige stata sekunde tano, apumzike, arudie mara mbili au tatu. Pampu itajaza reli, nozeli hazitapuliza, plagi hazitatoa cheche.

Zungushia kila nozeli kipande cha karatasi nyeupe pale inapoingia kwenye reli, na kingine kwenye kiungio cha bomba. Subiri dakika kumi. Karatasi ikilowa hata doa, reli inatoka tena. Hakuna uvujaji "mdogo" wa petroli kwenye reli, na hautajiziba injini ikipata moto. Karatasi zikibaki kavu zote, rudisha soketi.

Kuwasha na kusoma

Mtu mmoja awe kwenye usukani, mwingine kwenye boneti akiwa na kizima moto. Itazunguka kidogo kabla ya kuwaka. Baada ya betri kuchomolewa, sailensi inaweza kuyumba kwa dakika chache kompyuta ikijifunza upya, hivyo usianze kufungua vitu. Futa kodi, iache injini ipate joto na ikae sailensi dakika 10 hadi 15 taa na kiyoyozi vikiwa vimezimwa.

Kisha soma marekebisho ya mafuta. Jumla ya muda mfupi na muda mrefu ikiwa ndani ya asilimia 10 kwenda juu au chini, umemaliza. Ikiwa sailensi inasoma +20 na ukipandisha hadi mzunguko wa 2500 inashuka hadi +5, bado kuna hewa ya pembeni: mwanya una ukubwa uleule, lakini injini ikivuta hewa nyingi sehemu yake inakuwa ndogo. Ikiwa juu kwenye sailensi na juu zaidi kwenye 2500, hapo petroli haitoshi, na utatazama presha ya pampu na vyujio vya nozeli.

Kutafuta mwanya, watu hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini inayowaka. Inafanya kazi na inawasha moto. Tumia chupa ya kupulizia yenye maji: pulizia kidogo kwenye shina la nozeli moja baada ya nyingine, mbali na koili. Pale sailensi inapobadilika ghafla kwa sekunde moja, maji yameziba mwanya kwa muda. Nozeli zote zikiwa kimya, hamia kwenye gasketi ya manifoldi na kwenye bomba la mvuke wa oili linalotoka kwenye kava ya valvu. Bomba hilo huondolewa wakati wa kazi hii, na likirudishwa nusu au likiwa na ufa chini, linaleta P0171 ileile uliyonayo sasa.

Haya yote ni ya nozeli zinazopuliza kwenye njia ya hewa. Msomaji mwenye injini ya D-4, kama 1AZ-FSE iliyoko kwenye baadhi ya Noah na Voxy, asiyafuate: nozeli zake ziko ndani ya chumba cha mwako, presha ni zaidi ya bar 80, na pete zake za Teflon huvishwa kwa koni maalumu kisha kubanwa zirudi umbo kabla ya kuingizwa. Dizeli za komoni reli nazo zina sheria zake. Kwenye 1KD-FTV ya Hilux na Prado, washa ya shaba chini ya nozeli lazima iwe mpya na kikalio kisafishwe mpaka chuma kionekane, la sivyo gesi ya mwako inapenya, masizi yanaingia kwenye oili, chujio la pampu ya oili linaziba na injini inakosa oili. Na nozeli ikibadilishwa, namba yake ya urekebishaji iandikwe kwenye kompyuta.

Limebaki lile lililokupeleka kwa fundi, gari kula mafuta, ambalo hakuna aliyelipima. Nozeli chafu ni sababu mojawapo tu. Thermostati iliyobaki wazi huifanya injini isipate joto na kompyuta iendelee kumwaga mafuta. Breki inayoshika, tairi zenye upepo pungufu na plagi zilizolika zinafanya hivyohivyo bila kuwasha taa yoyote. Kihisi cha oksijeni nacho kitazamwe kwenye skana, hasa baada ya wiki mbili za kuvuta silikoni: kile cha mbele kikichelewa kujibu unapokanyaga na kuachia mafuta, kibadilishe. Kazi ikishakamilika, jaza tangi mpaka pampu ya kituo ijikate, andika kilomita, tembea angalau kilomita 200 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia, ndipo utajua kama kuna tatizo la kutafuta.